Marashi kwa Mgongo wa Chupa

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kwenye kiti chako cha dirishani, na goti limekubali kukunjika. Mimi ni mzima. Kile kikohozi kimekwisha. Mwambie baba redio aliyoniagiza nimeiona dukani, ila haina mkono wa kubebea, nami najua redio asiyoweza kutembea nayo hataisikiliza. Harusi bado ni mwezi wa nane kama tulivyokubaliana. Mwenye nyumba wangu ameanza kuniuliza nitahama lini, kana kwamba chumba kimenichoka.

Pamoja na barua hii nimekutumia kifurushi. Ndani mna chupa ya marashi ya kike ambayo nimeyapuliza mara moja tu. Naomba uyavae na uyapime kama ulivyokuwa ukipima dukani, kisha uniambie ni marashi ya namna gani.

Sasa nikueleze yalikotoka. Jumapili iliyopita nilialikwa kwao mchumba wangu. Ulimwona kwenye picha, yule fundi miwani mwenye koti jeupe. Nilikuwa nimetoka zamu kiwandani, nikaoga, nikasugua kucha kwa brashi, nikabadilisha kila kitu hadi viatu. Kazi yangu unaijua. Ngozi mbichi ikishalowa kwenye chokaa, harufu yake haibishi hodi. Huingia nyweleni na kukaa. Hata hivyo siku ile nilijiona niko safi.

Sebuleni walikuwapo wajomba zake na dada yake. Baada ya chai mama yake akasimama, akanipa kiboksi kilichofungwa kwa karatasi ya rangi ya waridi, akasema, "Pokea, mwanangu." Watu wakapiga makofi. Nikafungua, na wifi yangu mtarajiwa akasoma maandishi ya kwenye boksi kwa sauti, kisha akasema, "Wifi, ukijipulizia haya, ng'ombe watafufuka wakufuate mpaka nyumbani."

Walicheka wote. Mchumba wangu alikuwa akitazama viatu vyake.

Baadaye nikaelezwa kwamba mama ana pua nyepesi, na kwamba angependa nijipulizie kila ninapotoka kazini, kabla sijaingia nyumbani kwake. Nyumbani kwake, Shangazi, ambako nitaingia nikiwa mke wa mwanawe.

Niambie, hii ni zawadi au ni tusi? Kama ni tusi, basi mimi nimetukanwa nikajibu "asante sana".

Binti wa kaka yako


26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijakubali kukunjika, lakini limekubali kunyamaza. Baba yako anapaka rangi ukuta wa mbele kwa ajili ya harusi yako. Amechagua kijani. Nilimwambia kijani hicho ni cha zahanati, akanijibu kwamba basi wageni watarudi makwao wakiwa wamepona. Habari ya redio ameisikia; anasema umngojee aamue.

Kifurushi nimekipokea. Barua yako niliisoma mpaka pale ulipoomba niyapime marashi, nikaikunja na kuiweka chini ya kitambaa cha meza bila kusoma zaidi. Utaratibu wangu unaujua. Miaka yote niliyosimama nyuma ya kaunta ya manukato sikumruhusu mteja anisimulie chupa aliipata wapi kabla mimi sijainusa. Pua inayosikiliza hadithi hainusi. Haya ndiyo niliyoyaona.

Yanapotoka chupani hunukia peasi lililomenywa sasa hivi, bado lina maji. Nyuma yake kuna pichi, lakini pichi lenye adabu, si lile la peremende. Nilijipulizia ndani ya kiwiko na kwenye upindo wa gauni, nikaendelea na kazi za nyumba, nikafua, nikapiga pasi, kisha nikasimama juani kumzuia baba yako asipake na vioo vya madirisha. Kufikia adhuhuri matunda yalikuwa yamekwisha kuondoka na maua yameingia: waridi mbele, yasmini kidogo nyuma yake. Jioni palibaki kitu laini, mfano wa shuka iliyoanikwa vizuri ikakunjwa kabla ya umande. Mwilini hayadumu sana, nguoni hudumu. Kasoro yake ni kwamba mwanzoni sukari imezidi kidogo, na kizibo hakikazi. Ni marashi ya mwanamke anayekaa karibu na watu, ofisini au garini, asiyetaka kumchosha jirani. Mwuza maziwa aliniuliza, "Bibi, leo kuna nini?" Nikamjibu kwamba kuna deni la sufuria yangu aliyoondoka nayo.

Kwa ufupi ni marashi mema. Kama umepewa, aliyekupa amekuchagulia vizuri, umshukuru.

Hayo ya juu niliyamaliza jana. Leo nimeikunjua barua yako ili niijibu hadi mwisho, na nimeyasoma yaliyobaki. Sitayafuta niliyoyaandika, kwa kuwa marashi hayajamkosea mtu. Lakini neno "umshukuru" naliondoa. Ukiweza, likwangue kwa kisu.

Nimekasirika, mwanangu. Mstari huu ni wa pili. Ule wa kwanza kalamu ilitoboa karatasi. Mwanamke mzima anamsimamisha mchumba wa mwanawe mbele ya watu, anampa marashi, kisha anamtaka ayatumie kama dawa ya kunguni? Marashi unampa mtu ili anukie. Humpi ili asinuke. Tofauti hiyo hata mtoto aliyepaliwa na maziwa anaijua.

Na huyo mama miguuni huvaa nini? Mkoba wake ni wa nini? Na ukanda wa mwanawe anaoufunga juu ya shati lililopigwa pasi, unadhani uliota shambani? Watu hawa wanapenda kiatu na kumchukia aliyekilainisha. Wanataka kochi la ngozi sebuleni, na fundi wa ngozi asimame nje kwanza apulizwe.

Hukukosea kusema asante. Asante ni adabu yako. Lililobaki ni aibu yao.

Nitumie anwani ya mama huyo. Nataka kumsalimu.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilinichekesha na kuniliza katika ukurasa mmoja. Mimi sijambo, isipokuwa vidole vimechubuka kwa kusuguliwa. Mwambie baba kijani kinafaa, na asipande ngazi peke yake.

Anwani uliyoiomba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Tafadhali, ziwe salamu tu. Salamu zako nazijua.

Kabla sijakutumia ile chupa nilikuwa nimejipulizia asubuhi moja na kwenda nayo kazini, nikitaka kuona. Kosa. Msimamizi wetu tunamwita Babu Chokaa, kwa sababu amekaa na chokaa mpaka nyusi zake zimekuwa nyeupe. Aliingia akasimama.

"Nani ameleta bustani humu?"

"Mimi, Babu."

"Umefiwa?"

"Hapana. Nimepewa zawadi."

"Na aliyekupa hajawahi kufika hapa," akasema. "Mjukuu wangu, humu ndani kuna harufu moja, nayo tumeizoea. Ukiileta ya pili zitagombana, na vichwa vitakavyouma ni vyetu."

Alisema kweli. Kufikia saa ya chakula lile peasi lako lenye maji lilikuwa limekaa juu ya chokaa kama tunda lililosahauliwa kabatini. Wenzangu walihamisha viti vyao. Wakanitania juma zima: "Bibi harusi, pita mbali, tunakula."

Sasa kuna habari kubwa zaidi. Babu Chokaa anastaafu, na wakubwa wamepanga upya mafundi. Wananitaka niwe msimamizi wa chumba cha kumalizia, kule ngozi zinakotiwa mafuta, kulainishwa na kupakwa rangi. Wanataka jibu langu kabla ya Juni kwisha. Shangazi, hicho ndicho chumba nilichokiomba tangu siku niliyoajiriwa. Ngozi ikiingia humo ni ngumu kama ubao. Ukiijua, inatoka inakunjika kama kanga. Mimi naijua.

Nilimweleza mchumba wangu siku hiyohiyo. Alivua miwani yake, ambayo haikuwa na vumbi, akaifuta. Akasema mama hatakubali. Mama anataka niache kabisa kazi ya ngozi kabla ya harusi. Pale dukani kwao kuna nafasi ya kuuza fremu. Nitavaa koti jeupe na kukaa mbele ya kioo.

Nikamwuliza, "Na wewe unasemaje?"

"Mimi sina neno," akasema. "Lakini mama unamjua."

Simjui mama. Nimeketi naye mara chache, tukazungumza habari za mvua. Lakini naona amekaa katikati ya maisha yangu kama kabati kubwa kwenye chumba kidogo, na kila ninakopita najigonga.

Nifanye nini?

Binti yako


17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako amepanda ngazi peke yake na ameshuka peke yake, haraka kuliko alivyokusudia. Hakuvunjika. Ametangaza kwamba ngazi ni mbovu. Mimi nimeanza kutembea hadi sokoni bila mkongojo, ingawa nauchukua kwa ajili ya mbwa.

Salamu zako nimezifikisha kwa baba yako, na zangu nimezifikisha kwa mama huyo. Sitakueleza nilimwandikia nini. Ilikuwa barua fupi.

Kuhusu kazi, unaniuliza nifanye nini kama mtu asiyejua. Umeandika mistari mingi juu ya ngozi inayokunjika na mmoja tu juu ya koti jeupe. Isome barua yako mwenyewe. Mimi nilisimama kaunta mpaka miguu ikavimba, na hakuna aliyeniomba niache kwa sababu nanukia. Sasa wewe uache kwa sababu unanuka? Kazi iliyokulisha, ikakuvisha, ikalipa dawa za mama yako mpaka siku yake ya mwisho, leo ni uchafu wa kufunikwa kwa peasi? Hasha.

Lakini kuna jambo linalonisumbua, na si la hasira. Nimeendelea kuyavaa yale marashi, maana chupa haina hatia. Juzi nilikuwa nikiyanusa mkononi nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza tangu mwanzo kama nisingepandwa na mori. Nani alikwenda dukani kuyanunua?

Wanawake wa umri wangu na wa mama huyo walikuwa wakija kwangu kuomba udi, au miski, au waridi zito lisilo na tunda hata moja. Ukiwanusisha peasi wanarudisha kichwa nyuma na kuuliza kama ni la watoto. Marashi ya namna hii yalinunuliwa na wasichana wenyewe, na wanaume. Hasa wanaume. Walikuja saa ya mapumziko, wakanyoosha kidole kwenye chupa ya rangi ya waridi bila kunusa, wakasema, "Nipe kitu laini, kisichopiga kelele." Ndivyo wanavyoomba marashi, na wengine ndivyo wanavyoomba mke.

Nimezisoma tena barua zako. Humo mama huyu anapenda hiki, anakataa kile, anataka kingine. Lakini sijamsikia akisema kitu zaidi ya "Pokea, mwanangu." Hayo mengine uliyasikia kutoka kinywani mwake, au uliletewa? Na kama uliletewa, aliyekuletea ni nani?

Nijibu bila kuzunguka.

Shangazi yako


12 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Nimefurahi kusikia habari za goti. Mwambie baba ngazi si mbovu.

Barua yako ilipofika nilikuwa tayari nina jibu, maana jibu lilikuja langoni kwa miguu yake.

Ilikuwa kabla ya saa ya chakula. Mlinzi alikuja chumba cha chokaa akanishika bega. "Fundi, kuna mama nje ana karatasi mkononi. Nimempa kiti amekikataa."

Nilitoka nikiwa na buti na aproni. Alikuwa mama wa mchumba wangu. Amesimama juani, mkoba begani, barua yako mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shangazi yako ni mwalimu?"

"Hapana, mama. Alikuwa akiuza manukato."

"Basi wateja wake walikuwa wakinunua kwa woga," akasema, akaikunjua karatasi na kunisomea. "'Kama pua yako ni nyepesi kiasi hicho, ifungie ndani, usiitembeze kwenye maisha ya watoto wa watu.' Nimekaa na mstari huu siku nyingi. Nikaona nije nikuulize wewe. Pua yangu imefanya nini?"

Nikamweleza. Marashi, kujipulizia kabla ya kuingia kwake, kuacha kazi, koti jeupe. Nilieleza nikitazama buti zangu. Nilipoinua uso, alikuwa amekunja ile barua ndogo kabisa, inaingia kiganjani.

"Mimi ni mkunga," akasema. "Nimepokea watoto mpaka nimepokea watoto wa watoto hao. Unajua chumba cha kuzalia kinanukaje asubuhi, baada ya wanawake watatu? Nije nitishwe na chokaa?"

"Sikujua, mama. Hatukuwahi kuzungumza habari za kazi."

"Kila nikikuuliza kazi, mwanangu anadakia mvua." Akavuta pumzi. "Kile kiboksi aliniletea kimefungwa tayari. 'Mama, mpe wewe, itapendeza.' Nikadhani ni mkufu. Na hilo la kuacha kazi nalisikia kwako sasa hivi. Mimi huko mtaani nimemaliza kuwatangazia watu kwamba mkwe wangu ni fundi wa ngozi, na jirani ameshaniuliza kama utamtengenezea mkoba kwa bei ya ndugu."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuwa wa kucheka.

"Ananibebesha," akasema. "Mwanangu ananibebesha maneno kama punda wa sokoni, na punda ndiye anayepigwa mawe." Kisha akaniambia, "Utakapomwuliza, mimi nisiwepo. Nikiwepo atanitazama mimi."

Akaondoka bila kuaga mlinzi.

Sasa lile swali lako. Aliyeniambia ni yeye, mchumba wangu, siku ileile, tukiwa tumesimama kituoni tukingoja gari. Tangu barua ya kwanza nilijua maneno yalitoka kinywani mwake. Sikukuandikia hivyo kwa sababu ningeandika, ningelazimika kuyasoma. Ilikuwa rahisi kumchukia mama ambaye simjui.

Sijamwuliza bado. Wakubwa wa kiwanda wanangoja. Kila ninapokutana naye ni mpole kuliko kawaida, ananinunulia maji, ananishikia mkoba. Sijui kama mama yake amekwisha kumwambia. Sijui nitaanzia wapi.

Binti yako


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Baba yako amemaliza ukuta na sasa anaandika majina ya wageni. Amefika kwa watu waliokufa na bado anasitasita kuwaacha.

Nimemwandikia mama huyo kumwomba radhi. Barua ya radhi imekuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, jambo ambalo halijanipata maishani. Nilimtukana mtu asiye na kosa, tena mkunga, kwa ushahidi wa kuletewa. Mimi, niliyekataa hadithi za wateja. Nilizikataa kwa marashi nikazikubali kwa mwanadamu. Hilo nitakaa nalo.

Hata hivyo hasira yangu haijapungua. Imehama tu, na sasa imefika kwenye nyumba yake halisi.

Kuna watu hukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Unahisi unapakwa, unaona mkono unapita, unasema asante, na ngozi inabaki kavu. Huyu amezidi, chupa yenyewe amemshikisha mama yake. Anaona haya ya harufu yako, lakini anaona haya zaidi kusema kwamba anaona haya. Kama angekuambia, "Mwenzangu, harufu ya kazi yako inanishinda, tufanyeje?" ningemwita mtu dhaifu, na udhaifu si dhambi. Tungetafuta sabuni. Lakini huyu alitaka ukubali, utii, uache kazi, na umpende yeye, huku umchukie mama yake kwa yote hayo.

Sitakuambia uolewe wala usiolewe. Hayo si ya shangazi. Nitakuuliza tu. Siku atakapotaka mhame, mama atakuwa amesema. Siku atakapotaka watoto, au asipowataka, mama atakuwa amesema. Siku mama huyo akifumba macho, atakayekuwa amesema ni nani?

Mwulize. Mwulize mkiwa wawili. Usimtungie jibu, wewe una tabia ya kumsaidia mtu kuongea akikwama. Mwache akwame.

Baba yako ananiuliza kila siku kama umeandika. Namwambia uko kazini. Ukiamua kuvunja, usihangaike naye. Mimi nitamwambia. Amezoea kunikasirikia, na mimi nimezoea kukasirikiwa naye tangu tulipokuwa tukigombania mto wa kulalia.

Shangazi yako


24 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima kweli, siandiki kwa mazoea. Vidole vimepona. Nimeacha kuvisugua.

Nilimfuata dukani kwake jioni, wenzake walipokwisha kuondoka. Unalijua duka la miwani. Kila ukuta una kioo, kwa hiyo nilijiona nikiingia kutoka pande zote, kilemba cha kazi kichwani. Nilikuwa nimetoka zamu moja kwa moja. Sikupita nyumbani.

Alikuwa akipanga fremu. Akanitazama, akarudi nyuma hatua, kisha akajifanya alikuwa anakwenda kufungua dirisha.

"Umetoka kazini?"

"Ndiyo."

"Ungepitia nyumbani kwanza, upumzike."

"Mama anasemaje?" nikamwuliza.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu harufu hii."

"Mama unamjua, yeye..."

"Namjua sasa. Alikuja kiwandani."

Akavua miwani. Akaifuta kwa upindo wa koti, upande mmoja, upande wa pili, akarudia wa kwanza. Mama yake hakuwa amemwambia lolote. Niliona usoni mwake kwamba ndio kwanza anasikia.

"Sikutaka kukuumiza," akasema.

"Kwa hiyo ukamtuma mama aniumize."

"Neno la mzazi hupokelewa. La kwangu ungebishana nalo."

"Ningebishana nalo, ndiyo. Nawe ungenijibu. Wewe ulidhani watu wanaooana huzungumza namna gani?"

Nikavuta kiti cha wateja nikaketi, kile cha kupimiwa macho, nikamwambia, "Haya, mama hayupo. Sema unachokitaka wewe."

Nilikaa kimya, Shangazi, kama ulivyoniagiza. Alikwama, nikamwacha akwame. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukwangua ngozi. Hapo nilikuwa bado tayari. Nataka ulijue hilo. Kama angesema, "Mimi siipendi harufu hii," ningeumia, ningelia barabarani, na kesho yake tungetafuta sabuni. Nilimpenda. Nilimngojea.

Mwishowe akasema, "Sitaki watu waseme mke wangu ananuka."

"Watu gani?"

"Watu."

"Nani? Dada yako? Wajomba? Wateja?"

"Watu tu. Unajua watu."

Basi. Mama alipoondoka mlangoni, wameingia watu. Nikajua kwamba hao nikiwafukuza ataleta wengine, na nitazeeka nikipokea wageni ambao hawajafika, yeye akiwa amejibanza nyuma yao anafuta miwani.

Nikamwambia harusi haipo.

Hakubishana. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza, "Sasa mama nimwambie nini?" Nikamjibu kwamba hilo, kwa mara ya kwanza, atalitunga mwenyewe.

Nililia njiani, nisikudanganye. Mwanamke mmoja garini alisogea kunipisha nafasi, sijui ni kwa machozi au kwa chokaa. Asubuhi yake nilikwenda kwa wakubwa nikawaambia nimekubali. Babu Chokaa alinipa mkono, akasema, "Chumba kile kina dirisha bovu, uanze nalo." Tayari nimeanza nalo.

Mama yake amenitumia salamu kupitia mlinzi, na barua yako ya radhi ameipata. Anasema uandike tena, lakini usimwombe radhi tena, umechosha.

Marashi usinirudishie. Si kwa hasira. Uliyapima vizuri, ni mema. Yavae mpaka yaishe.

Ulisema baba utamwambia wewe. Nashukuru, Shangazi, na najua unalisema kwa mapenzi. Lakini usimwambie. Nimeomba ruhusa, nitafika Jumamosi. Akikuuliza, mwambie nakuja kuzungumza naye, usiongeze neno. Nitaketi mbele yake, nimweleze mwenyewe. Na akikasirika, akasirike akinitazama mimi.

Binti yako